Fundi Twalib na Taa za Mchana

Twalib alikuwa fundi umeme wa magari mjini Tukuyu, na kwa miaka zaidi ya ishirini madereva wa Rungwe walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza askari wa barabarani. Baba yake alitoka Kilwa na cherehani yake, akaweka kibaraza Msasani ya hapo Tukuyu, na pwani hakurudi tena. Twalib alizaliwa hapo hapo, akakua na Kinyakyusa mdomoni kama watoto wenzake.

Kulikuwa na neno moja alilomwambia kila dereva aliyemletea gari. Lilianza enzi za uhaba, wakati betri mpya ilihitaji kibali na mtu aliweza kuisubiri miezi minne. Dereva akisahau taa mchana, kesho yake abiria walishuka kusukuma. Kwa hiyo Twalib alipomaliza kazi alifunga boneti, akafuta mikono, akasema, “Mchana hakuna cha kumulika. Zima taa, usiue betri.”

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, magari yaliyotumika yakaanza kuingia kutoka Japani kupitia Dubai, na betri za kila aina zikapangwa barazani kama sabuni. Twalib hakubadilisha neno lake. Lilikuwa limeshazoea kutoka lenyewe. Siku moja Ackson, dereva wa mradi mmoja wa maziwa, alimletea gari ambalo taa zake ziliwaka kila injini ilipowashwa, na hapakuwa na swichi ya kuzizima. Wazungu waliokuja nalo walisema kwao ndiyo sheria, jua liwe kali au lisiwe. Ackson alikuwa amechoka kuonyeshwa ishara njiani kwamba amesahau taa. Twalib aliutafuta waya, akaukata, akaufunga tepu, wakacheka wote wawili.

Hiyo ilikuwa mwaka 1992. Aprili ya mwaka uliofuata, siku ya Alhamisi, mke wake Amna alikwenda Kawetele kumwona mwanamke aliyejifungua. Saa nne asubuhi alikuwa anarudi, na ukungu ulikuwa umeshuka ukaifunika barabara kuu. Alisikiliza, hakusikia kitu kwa sababu gari lilikuwa linashuka mteremko likiwa limeachiwa bila gia, injini haivumi, akavuka. Ilikuwa pikapu ya rangi ya majivu, imepakia ndizi, na haikuwa imewasha taa.

Dereva aliitwa Jotham. Twalib alipolisikia jina hilo hospitali alilazimika kukaa chini, na watu wakadhani ni uchungu wa kufiwa peke yake. Jotham alikuwa kijana wa Kawetele aliyeendesha gari la mfanyabiashara wa ndizi. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa amekuja gereji na betri iliyokufa. Twalib aliichaji siku nzima, akaifunga, akamwambia alichomwambia kila mtu.

Amna alizikwa jioni ile ile, mvua ikinyesha. Jotham alikuja msibani siku ya tatu na baba yake mkubwa, akasimama mbali na turubai, akainamisha kichwa, akaondoka.

Mahakamani alikiri kosa. Alipoulizwa kwa nini hakuwasha taa alijibu kwamba ilikuwa mchana. Twalib alikaa benchi la nyuma, mikono katikati ya magoti, akisubiri kijana aendelee, aseme ni nani aliyemfundisha hivyo. Jotham hakuendelea. Alitozwa faini, akafungiwa leseni, na Twalib akarudi nyumbani na jina lake likiwa safi mbele ya watu wote.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu. Binti yao Najat alikuwa ameolewa Mbeya, na baada ya arobaini alimwomba baba yake ahamie huko. Twalib alisema ana magari ya watu. Ukweli ni kwamba hakutaka kukaa na mtu ambaye angemwuliza anawaza nini. Alijifunza kupika, ila kipimo cha mtu mmoja hakukipata. Kila mara wali ulibaki, akaula asubuhi ukiwa baridi. Jirani zake walimpa pole mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walimpa salamu tu. Alikuwa akiswali msikitini, anatoka, na kabla viatu havijakaa vizuri miguuni anakuwa ameshafika njiani.

Jambo alilolifanya lilianza bila yeye kulipangia siku. Alikuwa na Datsun kuukuu ya kufuatia vipuri. Asubuhi moja aliunganisha waya wa taa kubwa na swichi ya funguo, injini ikiwaka na taa ziwake, kama gari lile la Ackson. Akaanza kuendesha hivyo kila siku, ukungu uwepo usiwepo.

Kila gari lililokuja mbele yake lilimkonyeza kwa taa. Madereva walitoa mkono dirishani, wakakunja na kukunjua vidole, maana yake, umesahau. Mwanzoni alijibu kwa kuinua kiganja. Baadaye akaacha. Waliojua gari lake walimpigia honi, na siku nzima hizo ndizo zilizokuwa salamu zake: watu wanaomwambia azime.

Waliokuwa wakitembea kwa miguu walielewa vingine. Kwa kawaida gari likiwasha taa jua limewaka, ni msiba unapita. Kule Mpuguso, siku ya soko, wanawake waliokuwa wamejitwisha ndizi walisimama kando ya barabara na kuzitua hadi alipopita. Mzee mmoja alivua kofia. Twalib alitazama kwenye kioo, akawaona wanachungulia nyuma ya gari lake kutafuta msafara, na hapakuwa na gari jingine. Aliposimama kununua parachichi, mwuzaji alimwuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Twalib alisema taa zina hitilafu.

Kisha akaanza kuwaunganishia wateja wake. Aliwaeleza kwamba altaneta za siku hizi, zinazochaji betri gari likitembea, zina nguvu, betri haifi. Aliwaeleza kwamba Rungwe mtu anaingia kwenye ukungu kwenye kona moja tu, na anayengoja kuuona ndipo awashe, ameshachelewa. Wengine walimkubalia usoni, wakaenda kwa fundi mwingine kuung'oa waya. Wengine hawakurudi kabisa. Magari yaliyobaki na taa zikiwaka hayakufika matano, na mojawapo lilikuwa la Ackson, aliyerudi kuomba waya wake uungwe na hakusema sababu.

Juni 1995 madereva waliitisha mkutano stendi kuhusu foleni ya kupakia. Twalib alimwomba mwenyekiti wao, Lazaro, ampe dakika chache. Lazaro alikuwa dereva mtu mzima, mpole, aliyemheshimu tangu zamani. Twalib alisimama na kusema kwamba magari yote ya Tukuyu yawashe taa mchana. Alisema vizuri, bila kumtaja Amna, ingawa hakuna aliyekuwapo asiyejua.

Walimsikiliza. Mmoja alisema balbu zitaungua kila mwezi na tajiri wake atamkata yeye mshahara. Mwingine akasema taa zikiwaka kila mahali hata pikipiki na ambulansi, zinazowasha mchana, hazitajulikana tena. Askari wa barabarani aliyekuwa amesimama pembeni alisema sheria inataka taa usiku na pale dereva asipoona mbele. Zaidi ya hapo hawezi kumlazimisha mtu. Wa nne akauliza mwenye kutembea kwa miguu yeye atawasha nini. Hapo watu wakatazama chini.

Ndipo Godwin, dereva wa lori la chai, akasema kwa utani tu, bila ubaya, “Lakini fundi, si wewe uliyetufundisha kuzima? Mimi neno lako nalijua kwa moyo.” Akalirudia lote, kwa sauti ya Twalib mwenyewe. Watu wakacheka, wakafurahi kwamba kicheko kimepatikana.

Twalib alibaki amesimama hadi kicheko kikaisha. Aliketi. Lazaro akamaliza kwa kusema kwamba kwenye ukungu kila mtu atumie busara yake, wakarudi kwenye foleni ya kupakia.

Kesho yake asubuhi Twalib hakufungua gereji. Alipanda Datsun akaenda Kawetele kumtafuta Jotham.

Alimkuta nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba, akikata majani ya ng'ombe. Tangu leseni ifungwe hakuwa ameshika usukani tena, hata baada ya kufunguliwa. Alipomwona Twalib alinyooka, kisha akalilaza panga chini, akapiga hatua mbili mbali nalo. Alimwamkia. Akamkaribisha jikoni, maana kulikuwa na baridi na huko ndiko kulikokuwa na moto. Mkewe, Atuganile, alimpa mgeni kigoda na kikombe cha maziwa, akasogea pembeni kumenya viazi. Alijua huyo ni nani.

Twalib alikishika kikombe bila kunywa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa aliyatoa kama yalivyokuja.

“Wiki mbili kabla ya siku ile ulileta betri kwangu. Nilikwambia mchana uzime taa. Ulikuwa unanitii mimi, Jotham. Mahakamani nilisubiri unitaje, hukunitaja. Na mimi sikuinuka.”

Jotham aligeukia moto.

“Betri naikumbuka,” alisema. “Maneno siyakumbuki, fundi.”

“Nilikwambia. Nilimwambia kila mtu.”

“Huenda uliniambia. Lakini siku ile sikuwaza betri, wala sikukuwaza wewe. Nilikuwa nawahi soko. Ukungu niliuona. Sikuwasha tu. Hata mkono haukuelekea kwenye swichi.”

Twalib alihisi kama mtu aliyebeba mzigo hadi kwa mwenyewe, akaambiwa si wake. Miaka miwili alikuwa ameliona kosa hilo kama kamba iliyowafunga wawili, yeye na kijana huyu, na kumbe upande wa pili hakukuwa na mtu aliyeishika. Alitaka kubisha. Alianza kueleza tena habari ya betri, siku gani, saa ngapi, Jotham alikuwa amevaa nini.

Jotham akamkatiza kwa upole.

“Mzee wangu, usinipunguzie kosa. Mchungaji amenipunguzia. Baba mkubwa amenipunguzia, anasema ni ukungu. Wote wananipunguzia halafu wanaondoka, nabaki nalo hapa. Na wewe usifanye hivyo.”

Kisu cha Atuganile kilikuwa kimesimama juu ya kiazi. Nje mvua ndogo ilianza kwenye majani ya migomba. Twalib alikunywa maziwa, kwa kuwa kukiacha kikombe kimejaa ingekuwa dharau, kisha akashika magoti ili ainuke.

“Ngoja kidogo,” Jotham alisema. Alikuwa anatafuta maneno, na Kiswahili chake kilikuwa kizito. “Mimi nilimwona amelala barabarani tu. Basi. Kila nikimkumbuka namwona hivyo, na mtu hawezi kuwa hivyo tu. Sijui alikuwa mama wa namna gani. Ndugu zako siwezi kuwauliza. Naomba uniambie wewe.”

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Twalib jambo hilo. Waliomfahamu Amna hawakuwa na haja ya kuuliza, na wasiomfahamu waliogopa kumtonesha. Najat akipiga simu ya posta alikuwa akiuliza kama anakula.

Alikaa tena. Alianza kwa shida, kwa kusema kwamba Amna alikuwa mtu wa Tabora na baridi ya hapa haikumwingia akilini hata siku moja. Alivaa sweta mbili, moja ikiwa ya Twalib, na alipofua nguo alianza kugombana na mvua kabla haijanyesha. Alisema kwamba mwaka wa kwanza alikataa ndizi za kupika, akadai ni chakula cha mgonjwa, na kwamba baadaye ukimpa wali bila ndizi pembeni anakuuliza umemkosea nini. Alisema alikuwa mbishi wa bei. Kulikuwa na mama mmoja wa maharage hapa hapa Kawetele waliyegombana naye kila wiki kwa miaka tisa, na siku ya mazishi mama yule alikuja na debe zima, akalia kuliko ndugu.

“Ni mama Anyosisye,” Atuganile alisema kutoka pembeni. “Hadi leo anasema hakuna anayejua kubishana kama yule.” Akacheka, kisha akaziba mdomo kwa mkono, akamtazama mumewe kwa hofu.

Lakini Twalib alikuwa anacheka pia, kwa sauti ndogo iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Jotham hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, akisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ndefu na hataki kupotea. Alisukuma kuni ndani, moto ukakubali. Atuganile akaongeza viazi kwenye sufuria, vya mtu wa tatu, na Twalib akawaeleza jinsi Amna alivyokuwa akiimba akipika, wimbo mmoja tu, na kila mara akiukosea mahali pale pale.