Kijiti cha Saba

Kwa heshima na taadhima, ulimwengu mzima unaarifiwa kwamba tatizo la sauti mbaya katika hedifoni za bei rahisi limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi huo uligunduliwa katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya bweni, Jumanne baada ya vipindi, na mwanafunzi ambaye saa hiyo alipaswa kuwa anafagia nyuma ya madarasa.

Wenzake walimwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi ya bweni, na tangu hapo pasi hiyo ikawa inaunguza mashati ya wote bila upendeleo. Hedifoni zake zilikuwa za mgongo wazi, yaani kila kikombe cha sikio kilikuwa na matundu kwa nje kama chujio. Sauti ya ndani ilitoka na sauti ya nje iliingia, bila kubisha hodi. Besi yake ilikuwa hafifu kama chai ya kidato cha kwanza, na trebo yake, yaani sauti nyembamba, ilichoma.

Dawa ya maradhi hayo ni ekwalaiza. Kwenye skrini kuna vijiti kumi vilivyojipanga: cha kwanza kinashika sauti nzito kabisa, cha kumi kinashika nyembamba kabisa, na kila kimoja hupanda na kushuka. Injinia alifanya kama wafanyavyo wajuzi. Alipandisha kidogo vijiti viwili vya mwanzo ili besi ipate mwili. Kisha akapiga mlio unaoanzia chini na kupanda taratibu, akatega sikio asikie ni wapi unapochoma.

Wajuzi husisitiza kwamba kazi hiyo ifanyike pasipo na kelele, hasa kwa hedifoni za mgongo wazi. Injinia alilijua hilo. Lakini kando yake alikuwa amesimama mwenzake wa kitanda cha chini, aliyeitwa Filimbi kwa wembamba wa sauti yake, naye alikuwa akizungumza.

Filimbi alikuwa mpiga kengele wa shule. Usiku wa kuamkia mtihani, mtu aliuviringishia ulimi wa kengele sponji. Alfajiri Filimbi alivuta kamba, kengele haikulia. Akazunguka mabwenini akiita kitanda kwa kitanda, lakini kwa sauti ile hata mbu hageuki. Shule ikalala usingizi wa pono, mkuu wa shule akiwemo, na kidato cha nne wakaukosa mtihani wao. Kulipokucha mtu yule akaiondoa sponji, na sasa ilisemwa kwamba Filimbi ndiye aliyelala.

"Ndugu yangu, Alhamisi wananifukuza," Filimbi alisema. "Wewe unajua niliamka."

"Subiri kidogo. Kuna kitu kinanichoma sikio."

"Ni mimi huyo."

"Siyo wewe, bwana. Ni hizi hedifoni. Vitu vya bei rahisi vina tabia hiyo."

Akakishika kijiti cha saba, akakishusha hadi chini. Maumivu yakaisha. Filimbi aliendelea kuchezesha midomo kwa muda, kisha akatoka na kuufunga mlango, ambao nao haukulia.

Kuanzia jioni hiyo shule ilipoa. Kipenga cha mwalimu wa michezo kikawa kinatoa pumzi tupu, kwa hiyo akachezesha mechi kwa kupunga taulo, na rafu zikapungua. Vijiko vya bwaloni viligongana kama vya mpira. Mpishi alisema afadhali, maana kichwa kilikuwa kinamwanga siku nyingi.

"Kuna mtu ameshusha kijiti," mwalimu wa fizikia alisema katikati ya kipindi. Akageukia ubao, akaendelea na vioo mbinuko.

Alhamisi mama yake Filimbi alifika, amevaa gauni lake la harusi za watu. Akakalishwa kwenye kiti cha mbao katika ofisi ya walimu.

"Haya kijana, jitetee," mkuu wa shule alisema.

Filimbi akajitetea. Alijitetea kwa muda mrefu, kwa mikono yote miwili, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Walimu wakamsubiri kwa adabu aanze.

"Sema, baba," mama yake akamhimiza. "Usiwaogope. Ni wazazi wako pia hawa. Sema."

Alikuwa anasema.

"Kosa humla mtu ulimi," mkuu wa shule alisema kwa upole, akamwita Injinia aliyekuwa akisubiri mlangoni. "Wewe unalala juu yake. Alfajiri ile ulimsikia akiwaamsha watu?"

"Sikusikia kitu, mwalimu."

"Ahsante kwa ukweli wako."

Filimbi alifukuzwa. Tangazo lilisomwa paredi, na kwa kuwa kengele haiwezi kukaa bila mtu, Injinia akateuliwa kuipiga, kama kijana mwenye masikio ya kuaminika. Watu walipiga makofi. Hedifoni nazo zikawa na sauti ambayo hata za bei mbaya zingeionea wivu. Wanafunzi walipanga foleni kuzijaribu, na kila mmoja alizivua akiwa na uso wa mtu aliyetoka kuoga.

Siku moja foleni hiyo iliingiliwa na mwalimu wa fizikia.

"Lete na mimi nisikie huo ufumbuzi unaotikisa ulimwengu," alisema. Akazivaa, akatikisa kichwa kidogo. "Besi imekaa vizuri. Sasa hapa juu umechimba shimo la nini?"

"Palikuwa panachoma, mwalimu."

"Panamchoma nani?"

Akakipandisha kijiti cha saba hadi mahali pake. Sauti ya Filimbi ikatoka kupitia matundu ya hedifoni, maneno yote ya Jumanne na yote ya Alhamisi, bila haraka na bila kurukwa hata moja. Ilisema kwamba alivuta kamba. Ilisema kwamba alipita kitanda kwa kitanda, na kwamba Injinia alikuwa macho, akamtazama, akajifunika shuka usoni akicheka. Waliokuwa kwenye foleni walisikiliza mpaka mwisho, kisha wakauliza kama wimbo bado upo.

Mwalimu alizipeleka hedifoni kwa mkuu wa shule. Mkuu alisikiliza akiwa amesimama, kama inavyostahili. Alisema sauti inasikika safi na anasikitika sana, ila tangazo likishasomwa paredi halirudi. Isitoshe, shule ilikuwa tayari na mpiga kengele.

Taarifa hii ilikusudiwa kuishia hapo. Lakini mwalimu wa fizikia amesimama nyuma yangu, anasoma kila ninachoandika.

"Sikio humchoma mwenye sikio," amesema. "Wewe msimulizi ulijuaje palipochoma?"

Nimemjibu kwamba msimulizi hujua yote.

"Basi andika yote."

Haya. Injinia ni mimi. Sponji niliikata kwenye godoro langu. Nilitaka watu waamke wamechelewa, tucheke, yaishe. Na nilijua kwamba kinachonichoma si hedifoni. Filimbi alipoondoka shuleni na mama yake, walikuwa wamebeba sanduku, kila mmoja upande wake, na kila baada ya hatua kadhaa yeye aligeuka akasema kitu kuelekea madirishani. Mimi nilikuwa dirishani. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu, na kijiti kile kinapanda kwa kidole kimoja. Sikukipandisha. Wimbo ulikuwa umefika pazuri, na nilitaka kwanza uishe.