Sumaku za Hendeli

Niliporudi kutoka kununua bolti, nikakuta sumaku zangu zimeoshwa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa gereji ya marehemu mumewe, kitambaa mkononi, mkebe wa mafuta ya taa miguuni. Sumaku zote zilikuwa ndani ya beseni moja, zimeng'ang'aniana, zinang'aa. Katika alama zangu za chaki haikubaki hata moja.

"Zilikuwa chafu, mwanangu," akasema. "Huwezi kufunga kitu kichafu namna ile."

Angekuwa mtu mwingine, ningempa maneno ya kumtosha mpaka mwakani. Kwangu mimi neno halikai mdomoni. Ndiyo maana mimi na shule tuliachana mapema. Lakini huyu kanizalia mke. Nikasema, "Asante, mama," kisha nikaenda nyuma ya gari nikapiga tairi teke.

Gari lenyewe ni kongwe kuliko sisi sote, na betri halina. Umeme wake unatoka kwenye sumaku kumi na sita zenye umbo la V, zilizofungwa kuzunguka flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Flaiwili ikizunguka, sumaku zinapita mbele ya koili, zile nyaya zilizoviringishwa, cheche inaruka, injini inawaka. Sumaku zikichoka, utazungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia injini kwa mkono, mpaka bega ling'oke. Na ukitaka kuzifikia, sharti injini nzima ishuke. Nilikuwa nimeishusha peke yangu.

Baba mkwe ndiye aliyenifundisha ufundi. Mtaa mzima ulimwita Hendeli. Alipofariki, gari likalala. Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amepata mnunuzi, anakuja Jumamosi. Nikasimama mbele ya familia nikasema likiwaka bila betri, haliuzwi.

"Likiwaka bila betri," shemeji akasema, "mimi nitaoga kwa oili chafu."

Mama mkwe alinyamaza kama maji mtungini. Tukaona amekubali.

Basi jana yake nilikuwa nimeshinda napima sumaku, za gari na za akiba alizoacha Hendeli. Iliyo nzima inanyanyua kipande cha chuma cha kilo moja, iliyochoka inakiangusha. Mbovu nilizitia msalaba. Nzima nilizitia alama kwenye ncha ya kaskazini, maana kwenye flaiwili kaskazini hukaa na kaskazini, kusini na kusini. Zenyewe hazitaki. Zinasukumana, zinabana vidole. Ukiziachia zikae zinavyopenda, umetia maji kwenye pakacha.

Na sasa nzima na mbovu zote zilikuwa safi kama sahani. Nikatafuta kile kipande cha kupimia nianze upya. Hakipo.

"Kile chuma chenye kutu?" mama mkwe akauliza. "Nimempa yule anayepita akiokota vyuma chakavu."

Damu ikanipanda. "Mama, nisamehe, lakini niambie ukweli. Unataka gari hili liwake, au hutaki?"

Alikunja kitambaa polepole.

"Liwake," akasema. "Liwake, liondoke."

"Liondoke?"

"Ndoa yangu yote nimelisukuma. Nimelisukuma na mimba ya mkeo. Hendeli yuko kwenye usukani ananiambia, 'Bado kidogo tu, mama watoto.' Leo mnabishana liuzwe, lisiuzwe. Nani kaniuliza?"

Kweli, hakuna aliyemuuliza, na aliyepiga kelele kuliko wote nilikuwa mimi.

"Ila chuma ni kosa langu," akasema. Akaingia ndani, akarudi na pasi ndogo ya chuma, ya kunyooshea kola. "Marehemu alipimia hii. Kila siku naitafuta, naikuta huku. Shika."

Tukaanza upya. Mimi napima, yeye ameshika chaki. Pasi ikidondoka, anatia msalaba mkubwa kama mwalimu mwenye chuki. Wakati wa kuzifunga, mbili zikanibana kidole, nikatoa neno lisilosemwa mbele ya mkwe.

"Hendeli alilisema kwa sauti kubwa zaidi," akasema.

Ijumaa shemeji akanisaidia kurudisha injini, huku akigawa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Nikazungusha hendeli. Kimya. Nikazungusha tena, ikakohoa. Nikaizungusha kwa hasira zangu zote, ikanguruma, na taa za mbele zikawaka hafifu. Nilipoongeza mafuta, zikang'ara.

Nikamtazama mama mkwe. Bado nilikuwa na tamaa. Mtu akisikia sauti ya injini ya mumewe, pengine moyo utageuka. Alisikiliza mpaka akatosheka.

"Kelele zile zile," akasema. Akamgeukia mwanawe. "Mwambie mtu wako aje. Kisha kaoge, oili ile pale."

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni akitazama, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilizima injini, nikaanza kukusanya zile mbovu za kutupa.

"Moja niachie," mama mkwe akasema.

"Zimechoka, mama. Hazinyanyui kitu."

"Sindano zangu zitanyanyuliwa."

Akachagua moja yenye msalaba, akaifuta kwa upindo wa nguo yake. Halafu, kwa kuijaribu, akaipitisha sakafuni chini ya meza ya kazi. Ikatoka na bolti mbili, zile zile nilizopoteza nikaenda kununua nyingine.

"Hizi si zako?" akasema, akaninyooshea.