Harufu Chumbani kwa Mama

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, tunamwita Profesa, ingawa shule aliikimbia mwenyewe. Yeye ndiye aliyefunga sinki chumbani kwa mama, na kile kiwiko cha bomba kinachobaki na maji ili kuzuia uvundo akakitupa. Akadai maji hupenda njia iliyonyooka. Hazikupita siku mbili chumba kikanuka choo, na mama, aliyelala pale na kidonda cha kisukari mguuni, akaacha kula.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa ishirini huu. Nilipoingiza kichwa chini ya lile sinki nilitaka kutapika, na si kwa uvundo tu. Profesa alikuwa amenisimamia kichwani, akinifundisha kazi yangu. Debe tupu haliachi kuvuma. Nikafunga kiwiko kipya, nikamsuta mbele ya mkewe hadi akatoka nje, na nakiri nilisikia raha.

Kesho yake mdogo wangu akapiga simu kwamba bado kunanuka. Nikamweleza kuwa uvundo hukawia ukutani. Siku iliyofuata nikafungua bomba lote, nikalifunga upya. Ya tatu nikaziba kila tundu kwa saruji, huku nikimlaani Profesa. Mama akanishika mkono.

"Mwanangu, hiyo si ya bomba. Inatoka huku mguuni kwangu."

"Mama, mambo ya harufu niachie mimi," nikamjibu, nikampigapiga begani kama mtoto anayesumbua.

Muuguzi huja kila Jumatatu kubadilisha bandeji. Jumatatu hiyo aliifungua, akageuza uso. Nyama ilikuwa imeoza mpaka kisigino, ya kijani, ikichuruzika usaha. Akauliza kwa upole ni nani waliokuwa wakiingia humu ndani wasinuse kitu. Mimi na Profesa tukatazama sinki.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Tukiwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, mdogo wangu akilia katikati yetu, Profesa akakohoa kidogo.

"Mimi tangu mwanzo nilijua ni kidonda," akasema. "Sema tu sikutaka kumwingilia fundi."

Nilimtazama kwa kinyaa ambacho sijawahi kumwonea mtu. Maneno hayohayo nilikuwa nimeshayapanga mdomoni, yeye akaniwahi.