Masale Dukani kwa Monica

Hapana bwana, Priska hakuwachapa wale watoto. Hata kofi moja. Anayewaambia aliwachapa hakuwepo, alisikia kelele tu akiwa barabarani, mengine akajitungia. Kelele zilikuwepo, hilo halikataliwi, ila zilikuwa za Mzee Elimringi, na yeye hakuguswa na mtu, alikamatwa na mkono wake mwenyewe. Sasa kaeni vizuri, maana jambo hili halikuanza siku ile ya kelele, lilianza shule zilipofungwa.

Duka la Mama Monica mnalijua, pale Marangu ukipanda kwenda getini, lile lenye mabuti yamening'inia mlangoni kama mikungu ya ndizi. Hauzi sukari pale, wala sabuni. Anakodisha vitu vya kupandia mlima: mabuti, makoti mazito, fimbo, tochi za kuvaa kichwani, na ile mifuko ya kulalia ambayo mtu mzima anaingia ndani anafunga zipu mpaka kidevuni. Mgeni anakuja na kandambili, anaondoka mnene kama gunia la kahawa.

Priska ni mtoto wa kaka yake Monica. Alikwenda Dar akakaa kwa watu, analea watoto wa watu, anaosha vyombo vya watu, akarudi amekonda mpaka shingo. Shangazi akamweka dukani. Na duka lile, niamini, likamkubali. Alijua buti lipi linabana kidole gumba na koti lipi zipu yake haitaki nguvu, inataka kubembelezwa.

Basi mwezi wa kumi na mbili dada yake Monica akateleza kwenye ngazi za kanisa huko Moshi mjini, mguu ukavunjika. Monica akashuka kwenda kumuuguza nyumbani kwake Soweto, arudi mkesha wa Krismasi. Kabla ya kuondoka alimkalisha Priska. Akamwambia magoti yake yamechoka kusimama, mwaka mpya anataka kumwachia mtu ufunguo moja kwa moja, na mtu huyo anaweza kuwa yeye. Ila mambo mawili. Vitu vya duka visiharibike, na shemeji Elimringi asiudhiwe.

Hilo la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza. Mzee Elimringi ni mdogo wake marehemu mume wa Monica, na kihamba chake, shamba la migomba alilorithi, kimepakana na duka. Mpaka wao ni mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, kama ilivyo kwetu huku. Kwa ajili ya mpaka huo walinuniana miaka, wanapishana kanisani kama hawajuani, mpaka Pasaka iliyopita ndipo wakapatanishwa.

"Yule akinuna tena," Monica akasema, "nafunga duka. Na wewe unarudi Dar, kwa yule mama wa mapacha."

Wale mapacha Priska alikuwa bado anawaota usiku.

Kesho yake basi likashusha wajukuu watatu wa Monica kutoka Dar, wazazi wao wangefuata Krismasi. Jesse ndiye mkubwa, anavaa kofia kinyumenyume. Anayemfuata ni Faraja, mtoto wa kike, mpole kwa sura tu. Wa mwisho Tito, hana meno ya mbele, anauliza maswali mpaka unatamani kumpa meno yako atafune kitu.

Siku ya kwanza walifunga kamba za mabuti yote, buti kwa buti. Akaja mteja, akashusha moja, yakamfuata mengine yote kama siafu. Siku ya pili Jesse akawa mpagazi. Alimtia Tito kwenye begi kubwa la mgongoni, akafunga, kisha akaitwa chai, akasahau. Akaja Shakiru, yule mwongoza wageni wa Soweto, kuchukua begi lake. Kulinyanyua tu, begi likapiga chafya. Shakiru ni mtu wa dini na mlima ameupanda mpaka ameuzoea, lakini siku ile alilitua begi polepole, akarudi nyuma mpaka barabarani, akasimama pale anasoma dua.

Priska akawakalisha kwenye benchi, nyuso ukutani, mpaka jioni. Wala hawajakaa, Faraja akaomba kwenda chooni. Akarudi na jani refu la isale, amelipiga fundo katikati, amelishika kwa mikono miwili, amepiga na magoti. Anaomba msamaha.

Priska akaganda. Nani kamfundisha huyu? Kumbe asubuhi ile Mzee Elimringi aliwakuta kwenye mpaka wanapigana kwa masale kama panga, akaona aibu, damu yake hii haijui kitu. Akawaeleza taratibu, kama babu. Kwamba hili si jani la kuchezea. Kwamba mtu akikukosea akaja na isale, ukalipokea, yamekwisha, hata kama alikosa nini. Hata watu waliomwaga damu walipatanishwa hivyo.

Na Priska ni mtoto wa Kichagga. Angekataaje isale? Alipokea, akawatoa kwenye benchi.

Hapo ndipo alipojimaliza.

Wakamwaga mafuta ya taa, isale. Wakamvisha mbuzi koti la mgeni, isale. Tito akanyoosha soksi mpaka ikamfika kifuani, akaja analo kabla hata Priska hajaiona soksi. Masale yakajaa ndoo nyuma ya kaunta, maana kuyatupa aliogopa. Ukali wote ukamwishia mikononi, kila akifungua mdomo anawekewa jani.

Halafu ikafika siku Jesse akaja nalo, kapiga magoti vizuri kabisa. Priska akamuuliza amefanya nini tena.

"Bado," Jesse akasema.

Priska alicheka, akalipokea, akidhani ni utani. Baada ya muda mfupi Jesse na Faraja wakaingia kwenye mifuko ya kulalia, wakafunga zipu, wakajiviringisha kutoka juu kwenye migomba mpaka zizini kwa ng'ombe. Na mifuko ile Shakiru alikuwa ameiagiza kwa ajili ya wageni wake wa mkesha wa Krismasi. Priska aliisugua mpaka vidole vikakunjamana, akaianika, akalala anaomba jua.

Jua likatoka, ashukuriwe Mungu, mifuko ikakauka. Mkesha wenyewe Priska akaamka amechangamka, akabandika machalari ya kumpokelea shangazi, ndizi na nyama chungu kizima. Ndipo zile kelele zikaanza.

Mzee Elimringi alikuwa amekwenda kukagua mpaka wake. Akakuta masale yamenyonyolewa kama kuku wa sikukuu, vijiti vitupu, kuanzia barabarani mpaka mtoni. Akaingia dukani, fimbo juu, akaanza kusema kwamba mpaka wa baba yake...

"Shikamoo babu," akasema Jesse.

"Marahaba." Akaanza upya, kwamba mpaka wa baba yake umeng'olewa...

"Shikamoo babu," akasema Faraja.

"Marahaba." Akavuta pumzi. Tito naye akamwamkia. Ikabidi aitikie, na hasira ikazidi kwa kukatwakatwa. Akasema hii ni njama ya Monica, amejifanya kwenda kuuguza, kumbe ameacha watoto wafute mpaka. Atakaa hapo hapo mpaka arudi, na Krismasi hii ukoo mzima utasikia.

Shakiru alikuwa amekuja kuchukua mifuko. Akajifanya anakagua zipu.

Priska aliwaona mapacha wa Dar wananyoosha mikono. Akainama kwenye ndoo, akachagua isale bichi kuliko yote, akapiga magoti mbele ya mzee, akalinyoosha kwa mikono miwili. Akasema kosa ni lake yeye, watoto waliachiwa yeye.

Mzee Elimringi akalitazama lile jani. Akalichukua. Akaligeuza, akalisogeza mwangani, macho yakamtoka.

"Hili ni langu. Unaniomba msamaha kwa isale langu mwenyewe?"

Chungu kinachemka huko nyuma.

"Lakini babu," akasema Tito, "umelipokea."

Mzee akatazama mkono wake. Jani limo. Akataka kulirudisha, akakumbuka halirudishwi. Akasema alilishika tu alikague. Akamgeukia Shakiru, mtu mzima mwenzake, amsaidie.

"Mimi si wa huku, mzee," Shakiru akasema. "Ila mkononi limo."

Kisha mabega yakashuka. Akaketi kwenye benchi la adhabu, na cheko likaanza kumtoka puani, akijaribu kulizuia kwa kikohozi. Akasema hao watoto sasa ni Wachagga, hakuna tena wa kubisha. Lakini msamaha una kazi yake. Watakata vijiti vya masale na kupanda kila penye pengo, leo.

Wakapanda. Mstari waliunyoosha kwa kamba za mabuti, Jesse akiziunganisha tena, safari hii kwa ruhusa. Monica alipofika na kikapu chake kichwani akamkuta shemeji yake kapiga magoti kwenye mpaka na wajukuu, matope mpaka viwikoni. Akatazama kamba, akatazama mzee.

"Shemeji," akasema, "hapo umeingia kwangu kidogo."

"Nimeingia," akasema mzee, akasogeza kijiti upande wake.

Monica akaenda dukani. Priska hakuficha kitu: mbuzi, zizi, soksi, yote. Monica alipapasa makoti, akanusa rafu ya mifuko, akafika kwenye ndoo. Aliyahesabu masale mawili matatu akashindwa, akaegemea kaunta, anacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Kisha akafungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo, akamwekea Priska kiganjani. Akasema mtu aliyeweza kumkalisha Elimringi kwenye benchi, wageni wa mlima watamshinda nini.

Chungu kikaletwa nje. Mzee Elimringi akaaga, kama anavyoaga siku zote, maana hakuwahi kula pale tangu msiba wa kaka yake. Monica akamsogezea kigoda. Akasimama. Akakitazama. Akakaa. Shakiru naye akavutwa akakaa, wageni wake wangemsubiri. Faraja akawanawisha mikono mmoja mmoja.

Tito akaja wa mwisho, anatembea polepole, jani la isale mikononi, akaliweka karibu na sahani ya Priska. Wote wakamtazama.

"Kaa ule kwanza," akasema Priska.