Kikaratasi Katika Boksi la Rasiberi

Kazi yangu ni kufungua maboksi. Nasema mapema kwa sababu majirani zangu wa Onduparaka wananiona natoka asubuhi na koti zito mkononi, katika joto hili la Arua, wanadhani nina wazimu. Sina wazimu. Ninafanya kazi kwenye chumba cha baridi cha Hajati Medina, na humo ndani bila koti huwezi kumaliza saa moja.

Boksi moja lina kilo kumi za matunda madogo ya Ulaya, rasiberi, stroberi au bluberi, zimeganda ngumu kama kokoto. Zinatoka Poland kwa meli hadi Mombasa, zinapanda lori lenye friza hadi Kampala, halafu ndiyo zinatufikia sisi. Mimi nakata utepe, namimina, nagawa kwenye mifuko ya nusu kilo. Mingine inabaki hapa kwa hoteli na kwa akina mama wa keki za harusi. Mingine inakwenda Juba, kwa watu wa mashirika wanaokunywa matunda asubuhi badala ya chai. Nimeonja. Ni chachu, na mbegu zinakwama kwenye meno. Maembe yanaoza kwetu Ludara hayana wa kuyaokota, na watu wanavusha kitu hiki bahari. Haya, ni kazi, na inanilisha.

Lakini sikuomba kazi hii kwa sababu ya chakula. Niliiomba siku nilipoona jina la Poland kwenye boksi, likishushwa kutoka kwenye gari mbele ya duka la Hajati. Mume wangu Duku alikwenda huko miaka mitatu iliyopita.

Kabla ya kwenda, Duku alikuwa mpima simsim kwenye ghala moja Koboko. Kila gunia alilolichekecha na kulipima, aliliandika namba kwa wino, na chini ya namba akapiga mistari miwili mifupi yenye nukta katikati. Wanunuzi kutoka Sudan Kusini waliitafuta alama ile kabla ya kufungua mdomo, maana gunia la Duku halikuwa na mchanga. Aliizoea hata akaitia kwenye jerikeni la mama yake, lisije likabadilishwa kisimani. Nilikuwa namtania kwamba siku moja ataniandika na mimi kwenye paji la uso.

Wakala mmoja wa Kampala akampeleka kwenye kiwanda cha kugandisha matunda. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Alinieleza kwamba wanasimama mbele ya mkanda unaotembea, wanatoa majani, vijiti na mawe, halafu wanajaza boksi. Kabla ya kulifunga, kila mtu anaandika kwa mkono namba yake na tarehe kwenye kikaratasi, anakiweka juu ya matunda. Mteja akivunja jino kwa jiwe, wanajua ni la nani.

"Yangu ni mia moja sabini na nne," aliniambia, kwa Kiswahili chetu cha mpakani ambacho "nauliza" ni mimi, ni wewe, ni yeye. "Chini naweka ile alama yangu. Mukubwa nauliza hii ni nini, mimi nasema ni saini."

"Na nani atakula hiyo kitu huku Arua?" nilimwuliza, tukacheka.

Halafu simu zikapungua. Mwezi wa kwanza mwaka jana zikakatika kabisa. Mwezi wa nane mtu mmoja wa Maracha alirudi kutoka huko, akasema basi la vibarua lilipinduka na Waafrika kadhaa walikuwemo. Hakujua majina. Ofisi ya wakala pale Kampala siku hizi ni saluni. Namba ya Duku ukiipiga, hakuna kitu, hata ile sauti ya mwanamke wa mtandao haiji.

Kwa hiyo nikawa nasoma vikaratasi. Hajati hakujua. Kila boksi nililolifungua, nilikitoa kile kikaratasi kilichoganda, nikakipasha joto mdomoni kwa pumzi, nikakisoma kabla ya kukitupa. Nilikuwa natafuta namba moja tu, yenye tarehe iliyokuja baada ya lile basi. Matunda yanakaa miezi mingi kwenye mafriza ya watu, tarehe nyingi zilikuwa za zamani. Niliona mia moja na mbili, niliona tisini, niliona themanini na nane mpaka nikamchukia mtu mwenye themanini na nane. Miezi tisa nilifanya hivyo, sikumwambia mtu.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa tano, Yugu alikuja Arua kuniona. Yugu ni kaka mkubwa wa Duku, mtu mpole anayekohoa kabla ya kusema neno gumu. Alikohoa sana siku hiyo.

"Shemeji," akasema, "Mama hapana kulala, hapana kula. Watu yote najua Duku nakufa. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu padri nakuja kwetu Kuluba. Tunaomba, tunamaliza kilio."

"Nani naona mwili?"

"Hapana mutu naona. Lakini Mama nataka kulia, shemeji. Mutu nawezaje kukaa hivi tu?"

Nikakubali. Nitasema kweli: sikukubali kwa ajili ya Mama peke yake. Mjane ana mahali pa kukaa. Watu wanamletea maji, wanamkumbatia, wanajua waseme nini. Mimi sikuwa mjane wala sikuwa na mume, hatukujaliwa hata mtoto mmoja, na Jumapili timu ya mpira ikicheza na Onduparaka yote ikachemka kwa kelele, nilikaa kitandani nikihesabu mabati ya paa. Nilitaka mtu aje anililie.

Alhamisi, siku mbili kabla ya maombi, gari lilileta maboksi arobaini ya rasiberi. La tatu nililolikata lilikuwa na kikaratasi nilichokitafuta. Mia moja sabini na nne. Chini yake mistari miwili, nukta katikati. Tarehe tisa Februari, mwaka huu.

Nilicheka. Nilisimama peke yangu kwenye ile baridi nikacheka mpaka mvuke ukajaa mbele ya macho yangu. Yuko hai! Mkono wake unaandika! Nikavua glovu nikakishika kwa vidole vitupu, kikanata kwenye ngozi.

Halafu nikafungua mengine, hata yale ambayo zamu yao ya kufunguliwa ilikuwa haijafika. Nikapata vikaratasi vyake saba. Cha sita kilikuwa cha tarehe kumi na moja Februari. Siku hiyo naijua. Nilikuwa nimelala na malaria siku ya tatu, hakuna wa kunipa maji, na nilimwandikia Duku ujumbe kwenye ile namba yake iliyokufa: Naumwa, niombee. Na siku hiyo hiyo yeye alijaza boksi, akashika kalamu, akaandika namba yake vizuri, bila haraka, mistari imenyooka. Alikuwa na mkono. Alikuwa na kalamu. Namba yangu ya simu haijabadilika tangu tuoane, na anaijua kwa kichwa.

Kicheko kikaisha hapo. Nilikaa juu ya boksi, na kitu kilichokuwa kinaniuma miezi kumi na sita, kile cha kutojua, kikaondoka, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi. Hajati aligonga mlango akauliza kama nimeganda. Nikasema bado.

Ijumaa yote nilibishana na nafsi yangu. Ningevitupa vile vikaratasi kama ninavyotupa vingine, nani angejua? Jumamosi ningekalia mkeka wa mjane, wanawake wangenizunguka, ningelia kilio changu chote mbele za watu kwa heshima. Duku alichagua kunyamaza, basi akae huko na kunyamaza kwake. Niliamua hivyo. Jioni nikaamua tena hivyo, kwa hasira zaidi. Na bado asubuhi ya Jumamosi nilivitia vikaratasi vyote saba kwenye sidiria yangu, nikaenda Kuluba.

Nyumba ya mama mkwe wangu, Mama Susana, iko kando ya barabara inayokwenda mpakani. Magari ya baridi ya Hajati yanapita hapo kila wiki kwenda Juba. Mara ngapi matunda aliyoyajaza mwanawe yalipita mbele ya mlango wake, sijui.

Turubai lilikuwa limefungwa. Masufuria yalikuwa motoni. Waliponiona, wanawake walipiga yowe, wakanichukua mikono yote miwili, wakanikalisha kwenye mkeka katikati yao. Mwingine alinivua viatu. Mwingine, simjui hata jina, aliweka kichwa changu kwenye bega lake. Jamani, lile bega! Nililia kweli. Nililia kwa kila Jumapili, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Kama ningeachwa hapo mpaka jioni, ningetoka nimepona.

Halafu wakamleta Mama Susana akae mbele yangu. Amekwisha, mtoto wa watu, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku. Mapajani ameshika shati la Duku la kwendea kanisani, lile ambalo wangelizika badala yake. Alikuwa analipiga pasi kwa kiganja, anakunjua kola, anaikunja. Akaniangalia, akasema, "Jovia, mimi nazaa yeye siku ya mvua. Shimo ni kavu. Nasema kwa Yugu, chimba tena kidogo, mutoto wangu hapana penda joto."

Sikuweza. Nilitaka, na sikuweza. Nikaingiza mkono kifuani nikatoa kikaratasi kimoja, nikaweka juu ya shati.

"Mama, angalia hii."

Hajui kusoma. Alikisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu. Halafu akainuka, mwanamke yule ambaye walimleta amebebwa kwapani, akakimbia nyuma ya jiko, akarudi na jerikeni la njano. Akaweka kikaratasi karibu na alama iliyofifia kwenye plastiki. Mistari miwili, nukta katikati.

"Hii ni mukono ya Duku!" akapiga kelele. "Yugu! Soma tarehe!"

Yugu akasoma. Akasoma mara ya pili, akakohoa, na machozi yakamtoka. "Februari ya mwaka hii," akasema. "Mutu iko muzima. Duku iko muzima!"

Sijawahi kusikia vigelegele vya namna ile. Wanawake wote waliruka. Ngoma ikatoka mahali fulani, padri akacheka akiwa na kitabu mkononi, vijana wakakimbilia shimoni na majembe kulifukia. Mama Susana alivaa shati la mwanawe juu ya gauni lake akacheza. Nilifurahi kwa ajili yake, Mungu ananiona, nilifurahi.

Lakini mkeka ulikuwa mtupu. Walikuwa wameinuka wote, hata yule mwenye bega, na hakuna aliyerudi kukaa, kwa kuwa hakuna anayemlilia mwanamke ambaye mume wake yu hai. Mmoja alipita akiwa na sinia la nyama, akaniona nimekaa pale na uso uliolowa, akanishangaa.

"Wewe nalia nini sasa? Cheka!"

Nikatafuta viatu vyangu mwenyewe.

Jumatatu nilirudi kazini. Hajati Medina alikuwa ameniletea sukari na kilo mbili za mchele, kama wanavyofanya kwa mfiwa. Ilibidi nimweleze. Nilimwonyesha vikaratasi, nikamwambia namba, alama, tarehe, yote. Akainua mikono yake juu.

"Alhamdulillahi! Mwanangu, Mungu mukubwa! Sasa yeye nakupigia simu?"

"Hapana."

"Hapana hata moja?"

"Hapana, Hajati. Lakini yeye naandika. Kila siku ya Mungu iko naandika namba yake."

Hajati alishusha mikono. Akaushika ule mfuko wa mchele aliokuwa amekwisha anza kuurudisha kwenye gari, akauweka tena kwenye mikono yangu. Nikauweka kando ya mlango, nikavaa koti, nikachukua kisu, nikaenda kufungua maboksi yaliyobaki.