Kisu cha Babu Joackim

"Huo msalaba hausimami kwenye kaburi la mume wangu!"

"Bibi, nimeuchomelea siku mbili! Mchungaji anakuja saa nane, nimwambie nini?"

"Mwambie arudi kwake."

Nikajua msiba umemchanganya. Babu Joackim amesali Kilutheri hapa Kamachumu miaka hamsini. Nimetoka na msalaba karakanani Kibeta, umefungwa kwenye pikipiki, halafu Bibi Klaudia ananizuia kaburini, migombani, watu wote wanaangalia.

Baba mdogo Aristides, mzee wa kanisa, akasogea. "Mama, watu wanasikia."

"Wasikie. Baba yako alikuwa Myahudi."

Mtu akacheka. Na mimi kidogo nicheke. Myahudi wa wapi, Muleba hii?

"Wa Mbale, Uganda," Bibi akasema. "Weusi kama sisi, wana sinagogi lao tangu zamani. Amin akapiga marufuku. Mume wangu akakamatwa anasali, akachapwa, akakimbilia huku. Jina la Joackim alipewa kanisani. Vita ilipokuja alilala siku tatu kwenye kahawa, anadhani askari wa Amin wanamfuata yeye."

"Amin si aliondoka?" nikauliza.

"Aliondoka. Woga ukabaki. Wenzake wapo, wanasali mpaka leo. Mdogo wake amepiga simu, wameshavuka mpaka pale Mutukula, wanakuja kumzika."

Kila Jumamosi Babu alikuwa hashiki jembe, tukamwita Msabato. Kitimoto, nyama ya nguruwe, alikuwa hali, tukasema tumbo linamsumbua.

Halafu nikakumbuka kisu.

Kila akitaka kuchinja mbuzi alikuwa ananiletea kisu nikinoe. Anapitisha makali kwenye ukucha wake, polepole, ananirudishia. "Kina jino." Mara tano, mara sita. Moyoni nilikuwa namtukana.

"Bibi, na kile kisu?"

"Ndiyo sheria yao. Kikikwaruza ukucha, hakichinji. Hakuna mwingine aliyempa akinoe, mwana wange."

"Kahigi!" Baba mdogo akaniita. "Simika msalaba. Mimi ndiye mtoto wake."

Nikauangalia. JOACKIM, herufi nimezikata mwenyewe.

"Bibi, jina lake hasa nani?"

"Yonadabu."

Nikaunyanyua, nikaurudisha kwenye pikipiki, nikaufunga kamba.

"Siusimiki, Baba mdogo."

Akanitazama mimi, akalitazama shimo.

"Basi mzikeni huyo Yonadabu wenu," akasema. "Mimi simjui."

Akageuka, akapita katikati ya migomba bila kuangalia nyuma.