Abudu Alisema Mahali

Mtu akikuambia kuna mlima wa kuanzia, muulize kwanza wa kumalizia uko wapi. Oduor hakuuliza. Alikuwa ofisa mauzo wa kampuni ya sabuni, Mjaluo aliyehamishiwa Kampala kikazi, na kitu kirefu kuliko vyote alivyowahi kupanda ni ngazi za jengo alilokaa Bugolobi, tena kwa kulalamika. Siku moja mwenzake kazini akamwonyesha tangazo: milima ya Himalaya, kilele kiitwacho Mera, kinafaa wanaoanza. Neno hilo "wanaoanza" lilimwingia kichwani na halikutoka tena.

Aliyeubeba mzigo wa neno hilo ni Blandine. Alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, Kongo, akiishi mtaa wa Bukoto kwa shangazi yake Marie-Louise, aliyemwita Tantine, na alikuwa mchumba wa Oduor kwa miaka minne. Uchumba wa miaka minne si uchumba tena, ni kazi isiyo na likizo. Kila alipogusia mahari, Oduor alisema tungoje mambo yakae sawa. Mambo yalikaa, yakasimama, yakalala, na sasa yalikuwa yanapanda mlima.

Maandalizi yalikuwa makubwa. Alfajiri Oduor alipanda na kushuka ngazi na gunia la unga mgongoni na buti za barafu miguuni, majirani wakiamka kwa matusi. Alilala roshani bila blanketi ili azoee baridi, akaamka na malaria. Ili azoee hewa haba, alikula chakula cha jioni ameziba tundu moja la pua. Kwa mafundi vyuma wa Katwe alitengenezewa meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, na fundi, ambaye barafu aliijua ya kwenye soda tu, alimuuliza amegombana na nani.

Jumamosi ilikuwa siku ya kamba. Oduor aliizungusha kwenye nguzo ya roshani, akajishusha ukutani kutoka ghorofa ya tatu, na Blandine ndiye aliyeshika upande wa pili.

"Usiachie mpaka mimi mwenyewe niseme," Oduor alimwambia kila mara. "Hii kitu si mchezo."

Blandine hakuachia. Viganja vyake vilichubuka hata sindano ikamshinda kushika. Oduor alimsifu kwamba ana mikono imara, kisha akaenda kujipima mapigo ya moyo. Nyumbani Bukoto, Blandine alisema amejiunguza na pasi. Wenzake huficha kwamba mchumba ni mlevi. Yeye alificha mlima, na aibu ilikuwa ile ile.

Mtu mwingine aliyejua yote hayo ni Abudu, askari wa geti pale Bugolobi. Alikuwa Muganda aliyewahi kukaa jeshini, na Kiswahili chake alitoka nacho huko huko. Herufi R ilimshinda. Barua aliita balua, barabara aliita balabala. Marie-Louise alikwisha kumzoea, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kati ya nyumba hizo mbili. Alimsikiliza kama mtu anayepembua mchele: anatoa mawe, anabakiza punje.

Basi Abudu akaja Bukoto kurudisha sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao Kongo, ambayo Marie-Louise alikuwa amempelekea Oduor wakati wa ile malaria.

"Habali, mama."

"Muzuri, baba. Ule kijana wetu anafanya nini? Ku kanisa haonekani."

"Anajitayalisha, mama. Anataka mahali ya juu sana. Siku yote anatoka jasho."

Marie-Louise akapembua kama kawaida yake. Alitoa L, akaweka R, na ufagio ukamponyoka.

"Mahari ya juu?"

"Juu kabisa, mama. Wengine wanakufa njiani, hawafiki."

"Mungu wangu. Na sisi tulikuwa tunamusema vibaya."

Blandine alikuwa pale pale kwenye cherehani. Siku moja maishani mwake Abudu alitamka neno sawasawa, na siku hiyo ndiyo akasahihishwa. Blandine alifungua mdomo. Kisha akauona uso wa shangazi yake. Tangu wavuke mpaka hakuwahi kuuona umefurahi namna hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Alitamani, hata kwa mara moja tu, Oduor akae mbele ya watu na neno mahari litajwe, asiwe na ngazi ya kukimbilia. Akafunga mdomo, akaendelea kushona.

Mwaliko ulipofika Bugolobi, Oduor alifurahi sana.

"Tantine wako ameita wazee Jumapili," alimwambia Blandine kwa simu. "Si ni ya kuniaga?"

"Wanataka kukuona," Blandine alijibu, na hilo halikuwa uongo.

Jumapili Oduor aliingia sebuleni Bukoto amevaa koti la manyoya ya bata, jua la Kampala likiwaka nje, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Nyuma yake Abudu alibeba begi la vifaa vya mlima, wazee wapate kuviona. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Hippolyte, kaka mkubwa wa Marie-Louise, muuza vitenge na mzee wa kanisa. Alimtazama mgeni anavyovuja jasho, akaona ni dalili ya heshima.

"Kijana, tulisikia habari yako. Wanasema iko juu. Iko juu namna gani?"

"Elfu sita na mia nne na kitu, Mzee."

Kwa Wakongomani wale elfu bila jina lake ni dola. Marie-Louise alishika ukingo wa kiti.

"Na hiyo ni ya wanaoanza tu," Oduor aliendelea kwa unyenyekevu. "Nikirudi salama, nitajaribu ya elfu nane."

"Ya elfu nane ni ya nani?" Hippolyte aliuliza kwa ukali kidogo.

"Ya yeyote mwenye pumzi, Mzee."

Hippolyte alilitafakari jibu hilo, akaliacha lipite. "Na kamba uliileta?"

"Hiyo siwezi kusahau." Oduor akaitoa begini, nyekundu yenye nyuzi za buluu, ndefu na mpya. Marie-Louise aliipokea kwa mikono miwili, akapiga vigelegele.

"Kwetu kila kitu kinaanza na kamba," Hippolyte akaeleza. "Mbuzi na ng'ombe wanafuata nyuma. Kamba tukishapokea, binti iko na mwenyewe. Mwenye kamba akiomba arudishiwe, basi, imekwisha. Hakuna kosa, kila mutu na njia yake."

Oduor hakusikia hata neno moja. Alikuwa ameinama akifunga yale meno ya chuma kwenye buti, apate kuwaonyesha wazee mtu anavyotembea barafuni. Alipiga hatua, na zulia la Marie-Louise likatoboka.

"Sasa hizo elfu sita," Hippolyte alisema, "ni zote mara moja ao kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo, Mzee. Mita chache kwa siku, mwili uzoee."

"Mita za nini?"

"Za mlima."

Walielezana. Ilichukua muda, kwa kuwa kila upande uliona mwenzake ndiye mgonjwa. Mwishowe macho yote yakamgeukia Abudu.

"Mimi nilisema mahali," Abudu alijitetea.

"Na mahari, wewe unaitaje?" Marie-Louise alimuuliza.

"Mahali."

Shangazi akamgeukia Blandine. "Wewe ulijua?"

"Nilijua, Tantine. Nilitaka alisikie neno hilo akiwa amekaa mbele yenu, nione atafanya nini."

Hippolyte hakuwa mtu mbaya. Alikohoa, akasema kosa la sikio si kosa. Kamba ipo tayari mikononi mwa shangazi, mlima hauendi popote, kijana aseme mwenyewe.

Oduor alimtazama Blandine, na kwa kweli alimpenda. Hilo Blandine hakulitilia shaka hata siku ile. Kisha akaitazama kamba.

"Mzee, mimi nampenda huyu. Nikirudi tutaongea, mambo yakikaa sawa. Lakini ndege ni Alhamisi." Akajipangusa jasho. "Naomba tu hiyo kamba. Bila kamba siwezi kupanda."

Hakuelewa kwa nini Marie-Louise ameanza kulia. Hippolyte alimtazama kwa huruma, akasema, "Milima haikutani, kijana. Watu njo wanakutana."

Blandine aliitoa kamba mapajani mwa shangazi yake. Aliikunja duara juu ya duara, kama Oduor alivyomfundisha, akakaza fundo la mwisho, akampelekea. Wakaishika wote wawili.

"Ulisema nisiachie mpaka mwenyewe useme," alimwambia. "Umesema."

Akaachia. Maumivu yalimjia yote kwa pamoja, lakini mikono ilikuwa myepesi.

Oduor aliaga kwa adabu na kuondoka, meno ya chuma yakigonga sakafu hadi nje. Abudu hakumfuata. Alibaki mlangoni, akakuna kichwa.

"Mama, na ile kalamu ya leo, bado iko?"

Marie-Louise alifuta macho. Akapembua, akapata karamu, akampakulia sahani ya wali na samaki. Blandine akanawa viganja vyake vyenye alama za kamba, akakaa karibu na Abudu, akala.